Mazoezi ya Zimamoto Hayajengi Mwanamichezo: Mwili na Akili ya Kijana Uwanjani

Kila mwaka msimu wa UMISSETA unapokaribia, shule nyingi za sekondari za jiji letu huamka ghafla. Filimbi inatafutwa, jezi za mwaka juzi zinatolewa stoo zikiwa na vumbi, na wanafunzi ambao tangu Januari hawajakimbia hata kilomita moja wanaambiwa wajiandae, kwani wiki mbili zijazo kuna mashindano. Basi kuanzia siku hiyo ni mbio asubuhi, mbio jioni. Siku ya mashindano ikifika, nusu ya timu ina maumivu ya misuli na nusu nyingine imejaa hofu. Wakifungwa utasikia, "Hawa watoto hawana moyo." Mtaani mazoezi ya namna hii tunayaita zimamoto.

Katika makala hii nataka tujifunze pamoja mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayatenganisha: jinsi mazoezi yanavyojenga mwili wa kijana, na jinsi akili yake inavyoamua kama mwili huo utafanya kazi siku inayotakiwa. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya ualimu, nina miaka 22, na ninaishi Kunduchi Mtongani. Mwaka uliopita nilifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya ukanda huu, ambayo sitaitaja, nikapangwa kumsaidia mwalimu wa michezo. Mengi nitakayoeleza nimeyasoma darasani, machache nimeyaona kwa macho.

Kwa nini somo hili litufae sisi wasomi wa chuo? Kwa sababu wengi wetu tutafika kituo cha kazi, mkuu wa shule atatuangalia mara moja tu, ataona wewe ndiye kijana kuliko wote pale ofisini, na atasema, "Mwalimu, wewe shika michezo." Hatajali kama umesomea Kiswahili na Historia au Kemia na Baiolojia. Kuanzia siku hiyo kuna watoto arobaini ambao magoti yao, pumzi zao na kujiamini kwao viko mikononi mwako.

Utimamu wa mwili ni nini hasa?

Watu wengi wakisema fulani "yuko fiti" wana maana hachoki. Hiyo ni sehemu moja tu. Utimamu wa mwili una vipande kadhaa: pumzi, yaani uwezo wa moyo na mapafu kupeleka oksijeni kwenye misuli kwa muda mrefu; nguvu ya misuli; ustahimilivu wa misuli, yaani kurudia kazi ileile bila kukata tamaa; kasi na wepesi wa kugeuka; na unyumbufu wa viungo. Mchezaji wa netiboli anahitaji vipande vyote lakini kwa vipimo tofauti na mkimbiaji wa mita 1500. Hapo ndipo tunapokosea wengi. Timu nzima, kuanzia golikipa hadi mrusha tufe, inapewa dawa moja: zungukeni uwanja mara kumi.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linasema mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomfanya ahemee, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na kazi ngumu zaidi pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa. Takwimu za shirika hilo zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma ya wavulana. Sisi tuliosoma shule za msingi za zamani kidogo tulikuwa na mchakamchaka wa asubuhi, tunakimbia tunaimba. Tulikuwa tunaulalamikia, lakini kisayansi ulikuwa na akili: mbio za taratibu, kila siku, pamoja na wenzako, bila mtu kukupima.

Mwili unavyojibu mazoezi

Kanuni ya kwanza ni kuongeza kidogo kidogo. Ukiupa mwili kazi iliyozidi kidogo ile uliyoizoea, unajirekebisha: moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, misuli inajifunza kutumia oksijeni vizuri zaidi, mifupa na mishipa ya kuunganisha viungo inakomaa. Lakini marekebisho hayo hayatokei wakati unakimbia. Yanatokea ukiwa umepumzika, umekula, umelala. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Sasa mchukue mwanafunzi anayelala saa sita usiku kwa ajili ya kujisomea, anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, halafu jioni unamkimbiza. Huyo humjengi.

Kanuni ya pili ni umahususi: mwili hujifunza kile unachoufundisha. Kukimbia taratibu kilomita 5 hakutamfundisha winga kukimbia kasi mita 20, kusimama, kugeuka na kukimbia tena.

Kanuni ya tatu inaumiza wengi: usipotumia unapoteza. Wiki mbili tatu bila mazoezi pumzi inaanza kushuka. Ndiyo maana zimamoto haiwezi kufanya kazi. Mwili unahitaji wiki kadhaa kupanda, na siyo siku kumi za kuteswa. Siku kumi za kuteswa zinaleta kitu kimoja kwa uhakika, nacho ni majeraha.

Na vijana wana jambo lao la ziada: bado wanakua. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 12, wavulana karibu na miaka 14. Katika kipindi hicho mifupa inatangulia, misuli inafuata nyuma, na kijana aliyekuwa mwepesi mwaka jana anaanza kujikwaa na mpira. Wengine hupata maumivu chini kidogo ya goti, pale msuli wa paja unapojishika kwenye mfupa unaokua. Ukimwambia anajifanyisha, unamuumiza mara mbili. Madaktari wa michezo ya watoto wanatoa kipimo rahisi cha kukumbuka: saa za mazoezi ya mchezo kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka, na kila wiki awe na siku moja au mbili za kupumzika kabisa.

Tena kidato kimoja kinaweza kuwa na watoto wawili wa umri uleule, mmoja ana mwili wa mtu mzima, mwingine bado mdogo. Tukichagua timu kwa kuangalia nani ana misuli leo, tunamtupa mwenye kipaji ambaye mwili wake unachelewa tu. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba katika mpira wa magongo wa barafuni wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kawaida. Sababu haikuwa nyota zao. Walikuwa wakubwa kwa miezi kadhaa kuliko wenzao wa kundi lao utotoni, basi wakachaguliwa, wakafundishwa zaidi, wakawa bora kweli. Wadogo wakaachwa.

Mchanga, joto na sahani ya chakula

Kunduchi tuna uwanja ambao hautozwi kiingilio, nao ni ufukwe. Lakini lazima tuujue. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulipima nguvu anayotumia mtu akikimbia kwenye mchanga laini ukakuta ni karibu mara 1.6 ya anayotumia kwenye sakafu ngumu, kwa kasi ileile. Kwa hiyo kilomita 3 za mchanga mkavu kwa mapafu ni kama kilomita karibu 5 za barabarani. Kwa mchezaji aliyekwisha kukomaa hilo ni zoezi zuri. Kwa mtoto anayeanza, ni njia ya haraka ya kuumiza kifundo cha mguu na kuuchukia mchezo. Maji yakipwa, mchanga wa chini unabaki mgumu na wenye unyevu, na hapo ndipo wanaoanza wakimbie. Vijana wa Kunduchi Pwani wanaijua ratiba ya maji kuliko mwalimu yeyote. Waulizeni.

Joto nalo si la kudharau. Mwili unajipoza kwa jasho kukauka juu ya ngozi. Dar es Salaam, hasa kati ya Desemba na Machi, hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka badala ya kukauka, na moyo unalazimika kufanya kazi mbili: kulisha misuli na kupeleka damu kwenye ngozi ili joto litoke. Mazoezi ya saa nane mchana baada ya vipindi ni hatari kuliko tunavyodhani. Kijana akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuacha kutoa jasho, asiambiwe avumilie. Awekwe kivulini, amwagiwe maji, na msaada wa daktari utafutwe.

Halafu kuna chakula. Wapo watoto wanaofika mazoezini saa kumi jioni wakiwa tumboni na chai ya rangi na andazi moja la asubuhi. Mwanasaikolojia bora wa dunia hawezi kumsaidia huyo. Hatuhitaji unga wa kopo wenye picha ya misuli. Uji, viazi vitamu, mihogo, ndizi vinatoa nguvu ya kukimbia. Maharage, mayai na dagaa vinajenga. Dagaa pia wana madini ya chuma, na wasichana walioanza hedhi wanayahitaji zaidi, maana upungufu wa damu unafanana sana na uvivu ukiutazama kutoka pembeni ya uwanja.

Sasa tuingie kichwani

Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake walifanya jaribio ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua. Waliwapa watu kazi ngumu ya kufikiri mbele ya kompyuta kwa dakika 90, kisha wakawapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi waendeshe mpaka wachoke kabisa. Siku nyingine, watu walewale walitazama filamu ya kawaida kwa dakika hizohizo kabla ya kuendesha. Waliokuwa wamechosha akili waliacha mapema zaidi. Moyo na misuli yao vilikuwa vikifanya kazi sawasawa siku zote mbili. Kilichobadilika ni jinsi walivyoihisi kazi: ilionekana nzito zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyetoka kwenye mtihani wa majaribio wa saa tatu, ukimpima mbio jioni ileile, unapima uchovu wa mtihani.

Jambo la pili ni wasiwasi. Robert Yerkes na John Dodson waliandika mwaka 1908, wakitumia panya, kwamba msisimko ukiwa mdogo mno kazi hulala, ukiwa wa wastani kazi hupanda, ukizidi kazi huharibika. Kwetu sisi kanuni hii ina jina lake kabisa: kukamia. Timu ikikamia mechi, pasi ya mita tano inakwenda nje, mshambuliaji anapaisha mpira akiwa na kipa peke yake, na watu wanasema leo wamechemsha. Kilichotokea mwilini ni kwamba hofu imeongeza mapigo ya moyo kabla hata ya filimbi, pumzi imekuwa fupi, mabega yamekaza, macho yanaona eneo dogo. Nguvu inaliwa bure. Wengi huanza kubanwa kichomi dakika ya kumi, wakadhani hawana pumzi.

Baadaye Yuri Hanin aliongeza kwamba kila mwanamichezo ana kiwango chake kinachomfaa. Kuna anayehitaji kelele na ngoma ndipo acheze, na kuna anayehitaji kukaa pembeni kimya. Kocha anayewapigia kelele wote kwa pamoja kabla ya mechi anawasaidia wawili na kuwavuruga watatu.

La tatu ni kujiamini. Albert Bandura, ambaye sisi wa elimu tunakutana naye tangu mwaka wa kwanza, aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa anaweza jambo hutoka katika vyanzo vinne: mafanikio yake mwenyewe ya nyuma, kumwona mtu kama yeye akifanikiwa, maneno ya mtu anayemwamini, na jinsi anavyotafsiri hali ya mwili wake. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Huwezi kumhubiria mtu kujiamini. Mpe kazi anayoweza kuishinda leo, kesho ongeza kidogo. Unaona jinsi kanuni ya mwili na kanuni ya akili zinavyokuwa kitu kimoja? Kuongeza kidogo kidogo kunajenga misuli, na hapohapo kunajenga ushahidi kichwani mwa mtoto kwamba anaweza.

Chanzo cha pili, kumwona mtu kama wewe, Tanzania hatujakipungukiwa. Filbert Bayi alikuwa na miaka 20 tu, mdogo kwangu mimi, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. John Walker wa New Zealand alimfukuza mpaka mstarini, naye akapita chini ya rekodi ya zamani, lakini akawa wa pili. Kukimbia mbele peke yako, ukijua bingwa yuko nyuma anahesabu hatua zako, kunahitaji mapafu na kunahitaji kichwa. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, Temeke, kwenye viwanja vya mchangani kama hivi vyetu. Akapita Simba na TP Mazembe, na tarehe 1 Machi 2020 akafunga goli katika fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza akiwa na Aston Villa.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa wanafunzi ni Alphonce Simbu. Kwenye marathoni ya mashindano ya dunia ya Beijing 2015 alikuwa wa 12. Olimpiki ya Rio 2016 akawa wa 5. London 2017 akapata shaba. Birmingham 2022, michezo ya Jumuiya ya Madola, fedha. Tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo, kwenye joto na unyevu kama wa kwetu, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliingia mstarini kwa muda uleule, saa 2:09:48, ikabidi waamuzi waangalie picha. Simbu akawa bingwa wa dunia. Ni miaka kumi kutoka nafasi ya 12 hadi dhahabu. Mwanafunzi anayetaka kuacha baada ya mchujo mmoja aambiwe hesabu hiyo.

Na kuna Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17. Kombe la Dunia India, Oktoba 2022, mechi ya kwanza walifungwa na Japan 4-0. Watoto wa sekondari, mara yao ya kwanza jukwaa kubwa vile. Siku tatu baadaye waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali. Katika siku tatu pumzi ya mtu haiwezi kubadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni kichwa.

Hamasa, na adhabu ya kichura

Edward Deci na Richard Ryan wanasema mtu hudumu katika jambo akipata vitu vitatu: kuhisi ana uamuzi fulani, kuhisi anaweza, na kuhisi anakubalika na wenzake. Tazama watoto wakicheza chandimu pale Mtongani jioni. Hakuna kocha, hakuna zawadi, wakati mwingine mpira wenyewe ni wa makaratasi, na hawataki kwenda nyumbani. Vitu vyote vitatu vipo. Halafu watazame walewale kwenye mazoezi ya shule, wanatafuta sababu ya kuondoka.

Sababu mojawapo ni kwamba tumeyafanya mazoezi kuwa adhabu. Umechelewa, ruka kichura. Umepiga kelele, piga pushapu ishirini. Umekosa penati, zunguka uwanja. Mtoto anajifunza kwamba kutumia mwili ni malipo ya kosa. Na kichura chenyewe, kwa magoti ya mtu anayekua na ambaye hajapasha mwili moto, ni kazi mbaya.

Nilimwona binti mmoja wa kidato cha pili, mkimbiaji wa mita 800, mwepesi kwa kweli. Mama yake anauza samaki wa kukaanga, na asubuhi za Jumamosi binti humsaidia kubeba samaki kutoka mnadani Kunduchi Pwani. Siku ya mchujo wa timu ya shule alichelewa dakika chache. Mmoja wa wasimamizi wa mazoezi akampa kichura hamsini mbele ya wote, halafu hapohapo akamwambia aingie kwenye mbio. Akawa wa nne. Akaambiwa, watu wakisikia, kwamba ni mvivu na nafasi yake amepewa mwingine. Wiki iliyofuata hakuja. Mwalimu wa michezo, ambaye hakuwepo siku ile, aliniomba nizungumze naye. Nilimkuta nje ya darasa. Aliniambia, "Shikamoo mwalimu. Mimi nataka kukimbia, ila nikiisikia ile filimbi tumbo linaniuma."

Soma sentensi hiyo kwa kutumia Bandura. Mwili wake ulikuwa umejifunza kutafsiri uwanja kuwa mahali pa aibu. Mapafu yake hayakuwa na tatizo lolote. Mimi na mwalimu wa michezo tulikubaliana na mama yake kwamba mazoezi yake yawe siku za wiki, jioni, na tulimpangia mbio fupi kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yamekupwa, pamoja na wasichana wengine watatu, bila kupimwa muda wiki mbili za mwanzo. Alirudi. Kufikia mwisho wa muda wangu pale, muda wake wa mita 800 ulikuwa bora kuliko wa yule aliyechukua nafasi yake. Lakini mashindano yalikuwa yamekwisha kupita, na mwaka hauwezi kurudishwa.

Nitaje pia suala la mavazi, maana kwetu pwani linawaondoa wasichana wengi kimyakimya. Michezo mingi haimlazimishi mwanamichezo wa kike avae bukta peke yake. Hata kwenye soka la kimataifa, kujifunika kichwa kuliruhusiwa rasmi mwaka 2014. Mzazi akielezwa hivyo mapema kwa heshima, mara nyingi anakubali.

Vipi kuhusu kamati ya ufundi?

Wasomaji wa soka la mchangani wangenishangaa nisipoligusa hili. Timu nyingi za mtaani zina watu wanaoshughulikia "mambo ya nje ya uwanja", na wachezaji wanaingiwa na amani wakiambiwa mambo yamekaa sawa. Sitaki kuwacheka. Kinachotafutwa pale ni hisia ya kuwa na udhibiti juu ya jambo lisilotabirika, na hiyo ni haja ya kweli ya mwanamichezo. Tatizo ni kwamba amani hiyo iko mikononi mwa mtu mwingine. Siku asipokuja, au mkikuta chumvi imemwagwa golini, timu nzima inapaniki.

Saikolojia ya michezo inatoa mbadala unaobaki mikononi mwa mchezaji: utaratibu wa kudumu kabla ya mechi. Kupasha mwili moto kwa mpangilio uleule. Kuvuta pumzi ndefu kwa pua na kuitoa taratibu mara tano, ambako kunashusha mapigo ya moyo kweli. Kujiona kichwani ukipiga penati ile hatua kwa hatua. Neno moja la kujiambia. Geir Jordet wa Norway, aliyechunguza penati za mashindano makubwa, aligundua kwamba wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi kuliko wanaochukua muda mfupi kujituliza. Haya yote hayana gharama, na dua ya mtu kwa imani yake inaingia humo bila shida.

Tufanye nini basi?

Haya ndiyo ninayopendekeza kwa mwalimu kijana atakayekabidhiwa filimbi bila kuulizwa.

Anza wiki nane kabla ya mashindano, hata kama hakuna anayekuhimiza. Siku nne kwa wiki zinatosha. Jumatatu, mbio za taratibu dakika 20 hadi 25, kwa kasi ambayo mtoto anaweza kuongea na mwenzake. Jumatano, nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kujishikilia kwa viwiko, kuruka kwa mguu mmoja kwa idadi ndogo. Alhamisi, mchezo wenyewe. Jumamosi, kasi: mita 200 mara nne hadi sita, na mapumziko ya dakika mbili au tatu katikati. Siku zilizobaki wapumzike.

Wafundishe kuhesabu mapigo ya moyo shingoni kwa sekunde 15, kisha kuzidisha kwa 4. Makadirio ya juu ni 220 kutoa umri. Kwa mwanafunzi wa miaka 16 ni 204, hivyo mbio za taratibu ziwe kati ya mapigo 122 na 163 hivi. Ni hesabu na baiolojia kwa pamoja, na mtoto anaujua mwili wake.

Pima kila mtu dhidi ya yeye mwenyewe. Daftari moja, jina, tarehe, muda. Mtoto wa mwisho kwenye kundi akiona ameshusha sekunde tatu, amepata kile Bandura anachokiita mafanikio.

Kemea pembeni, sifu hadharani, na sifu juhudi iliyoonekana kwa macho: "Leo ulimaliza mita 50 za mwisho bila kupunguza." Usitumie mazoezi kuwa adhabu. Mchelewaji muulize kwanza kwa nini amechelewa.

Ukiona mtoto amebadilika, halali, amepoteza hamu ya kula, anaugua mafua kila wiki, anakasirika ovyo, muda wake unapanda badala ya kushuka, usiongeze mazoezi. Punguza, na zungumza naye.

Kwa wizara ya michezo ya serikali yetu ya wanafunzi nina ombi moja. Kila mwaka mamia yetu tunasambazwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Kabla hatujaondoka, tuandaliwe semina ya siku moja tu: huduma ya kwanza uwanjani, namna ya kupasha mwili moto, na namna ya kuzungumza na mtoto aliyeshindwa. Wahadhiri wa elimu ya viungo na wa saikolojia tunao humu humu chuoni, na ukumbi tunao. Muhula ujao wanaokwenda shule za Kunduchi, Tegeta, Mbagala na kwingineko waende wakiwa na kitu zaidi ya filimbi.